Filamu fupi ya utoto ulioporwa: jibu kwa mwanafunzi wa filamu aliyeko Melbourne

Swali: Nimezaliwa Bujumbura, sasa nasoma filamu Melbourne, mwaka wa pili. Jirani yetu ni mzee wa Kiaborijini, yaani wa wenyeji wa asili wa Australia, anayekaribia miaka 70. Alichukuliwa kwa wazazi wake akiwa na miaka 7, akalelewa kwenye nyumba ya wavulana huko New South Wales ambako watoto waliitwa kwa namba. Ameniomba nimtengenezee filamu. Hataki kukaa mbele ya kamera akilia, na mimi sitaki waigizaji wanaopiga watoto. Nafikiria kitu cha kimtindo, kisichoigiza uhalisia, dakika 12, ndani ya studio ya chuo, siku 3 za kupiga picha. Nianzie wapi? Na kipigo nikionyesheje bila kukionyesha?

Jibu:

Anza na sauti. Kabla ya kuwaza lenzi, rangi wala seti, mrekodi mzee vizuri, ukate simulizi lake likae kwenye dakika unazotaka, na yeye mwenyewe alisikilize na kulikubali. Picha zote zitajengwa juu ya hapo. Wengi hufanya kinyume. Wanakuja na picha kichwani, tuseme mtu amesimama peke yake kwenye jangwa jekundu, kisha wanatafuta maneno ya mzee yatakayoingia humo. Filamu inatoka nzuri kuitazama, ila mwenye habari hajioni ndani yake. Mtu aliyekulia kwenye bonde la kijani la New South Wales, kando ya mto na ng'ombe wa maziwa, hana jangwa jekundu la kukumbuka.

Tena mzee ameshakupa agizo la kwanza la uongozaji: hataki kuonekana akilia. Hiyo ni sheria ya filamu. Usije siku ya mwisho ukambembeleza akupe shoti moja tu ya uso.

Historia ijue kwa tarehe zake, kwa sababu kosa dogo hapa linawafanya Waaborijini watakaoitazama waache kukuamini. New South Wales ilitunga sheria ya kuwadhibiti mwaka 1909, na marekebisho ya 1915 yakaipa bodi ya serikali uwezo wa kumchukua mtoto bila kupita mahakamani. Mwaka 1940 bodi ikaundwa upya, na kuanzia hapo watoto walipitishwa kwa hakimu chini ya sheria ya ustawi wa watoto ya 1939. Bodi ilivunjwa 1969. Kwa hiyo mtu aliyechukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 huenda ana faili la mahakama linalodai kwamba alitelekezwa, na mara nyingi kilichoitwa kutelekezwa kilikuwa umaskini mtupu. Ukiandika tukio la polisi anayemnyakua mtoto bila karatasi yoyote, unaweza kuwa umechanganya enzi mbili. Muulize mzee, na kama ana faili, mwombe mlisome pamoja, kwa kasi yake. Kama hajawahi kuliona, shirika la Link-Up la New South Wales limekuwa likiwasaidia waliochukuliwa kutafuta kumbukumbu na jamaa zao tangu 1980. Faili hizo zina lugha ya matusi kuhusu mama zao, na mtu hapaswi kuisoma kwa mara ya kwanza mbele ya kamera yako.

Nyumba ya wavulana inayojulikana zaidi kwa kuwaita watoto namba ni Kinchela, karibu na mji wa Kempsey, kando ya mto Macleay, kwenye ardhi ya Wadunghutti. Ilifanya kazi kuanzia 1924 hadi 1970. Kama ndiko alikolelewa, nendeni mapema kwa Kinchela Boys Home Aboriginal Corporation, chombo kilichoundwa na walionusurika wenyewe. Hao wanajua nini kimeshasemwa hadharani na nini wenzao hawataki kionyeshwe. Zingatia hili: simulizi la mzee ni lake, lakini la kijana aliyelala kitanda cha pili si lake kulitoa. Majina ya wenzake, makosa yao, hata namba zao, viache nje mpaka wenyewe au familia zao wakubali. Usibuni namba pia. Namba yoyote utakayoshona kwenye shati huenda ilikuwa ya mtoto fulani, na huenda mjukuu wake ndiye atakayeketi ukumbini.

Jambo la ridhaa ndilo watu wa vyuo hulichukulia kama karatasi. Fomu ya kurasa 2 inayosema "nakubali kurekodiwa" haitoshi. Mwombe ridhaa mara nne: kabla ya kurekodi, baada ya kusoma maandishi ya alichosema, baada ya kuona mkato wa kwanza, na kabla ya filamu kutoka. Kila hatua awe na haki ya kuondoa kitu bila kukupa sababu. Screen Australia, shirika la serikali la filamu, ina mwongozo ulioandikwa na mwanasheria Terri Janke mwaka 2009 kwa ajili ya watengenezaji filamu wanaofanya kazi na Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait. Usome kabla hujaandika mkataba. Kisheria, hakimiliki ya filamu humwangukia mtengenezaji, na habari za maisha ya mtu hazina hakimiliki. Ina maana usipoandika kitu, mzee hana chake. Mwandike kama mwandishi mwenza, mgawane umiliki, na alipwe kwa saa zake hata kama bajeti ni ndogo. Ukitaka kuelewa kwa nini Waaborijini wana macho makali kuhusu hili, angalia yaliyowapata warithi wa mchoraji Albert Namatjira: ofisi ya serikali iliyosimamia mirathi yake iliuza hakimiliki ya kazi zake mwaka 1983 kwa dola 8,500, na ikarudi kwenye mfuko wa familia mwaka 2017 tu.

Swali jingine ambalo halina budi kuulizwa, kwa upole na faraghani: je, ana dai lolote la fidia linaloendelea? Mpango wa kitaifa wa fidia kwa waliodhulumiwa kingono utotoni ndani ya taasisi ulianza Julai 1, 2018, na maombi yanapokelewa hadi Juni 30, 2027. Kama ana dai, au anafikiria kulifungua, aongee kwanza na mwanasheria. Shirika la kisheria la Knowmore hutoa ushauri huo bure. Mahojiano marefu yaliyorekodiwa yanaweza kuingizwa kwenye kesi, na tofauti ndogo ya tarehe kati ya filamu na hati ya dai inaweza kumsumbua. Hapo hapo muulize mwanasheria kuhusu kuwataja wafanyakazi wa nyumba ile. Aliyekufa hashitaki kwa kashfa, aliye hai anaweza. Kwenye filamu ya kimtindo hili lina njia nyepesi: watu wazima wasiwe na majina kabisa.

Sasa kurekodi. Vipindi vya dakika 45, viwili kwa siku, visizidi, na siku mbili tatu za kupumzika katikati. Awepo mtu wake wa kumtegemea ndani ya chumba, mke, binti au rafiki, ambaye ana ruhusa ya kusema "basi kwa leo" na wewe ukazima bila kujadili. Muwe na namba ya 13YARN, yaani 13 92 76, laini ya saa 24 inayopokelewa na Waaborijini na watu wa Torres Strait wenyewe. Mwite Anko, kama vijana wa kwao wanavyowaita wazee wao, ila kama mwenyewe amekwambia vingine.

Rekodi kwa kHz 48 na biti 24, kilele cha sauti kisivuke desibeli 12 chini ya sifuri. Maiki ndogo ibanwe kifuani, kama sentimita 20 chini ya kidevu, na nyingine ya fimbo iwe sentimita 40 au 50 kutoka mdomoni. Ya pili ndiyo utakayoitumia mara nyingi, kwa sababu ya kifuani inashika mkwaruzo wa shati kila mzee anapovuta pumzi. Zima friji, na uweke funguo za gari lako ndani yake ili usiondoke bila kuiwasha. Kila chumba, rekodi dakika 1 nzima ya ukimya. Utaihitaji kujazia mahali utakapokata, maana ukimya wa kompyuta ni shimo na sikio hulisikia mara moja.

Usiulize "ulijisikiaje?" Swali hilo humpeleka mtu moja kwa moja kwenye kilio, na jibu lake halikupi picha. Uliza vitu: Sakafu ilikuwa ya mbao au saruji? Kengele ilikuwa wapi? Nani alikuwa na funguo, na zililiaje? Usiku ulisikia nini kutoka nje? Blanketi lilikuwa rangi gani? Uliza pia yasiyo machungu: walicheza nini, walimwibia nani machungwa, nani alikuwa mchekeshaji. Filamu yenye mateso peke yake inamfanya mzee kuwa jeraha lenye miguu. Kama kuna mzaha ndani ya dakika zake 12, mtazamaji atamwona mtu.

Baada ya saa 4 au 5 za rekodi, andika kila neno, uchapishe kwa herufi kubwa, mpelekee na kalamu tatu za rangi. Kijani ni maneno yanayoweza kwenda kwa wote, njano ni ya familia tu, nyekundu hayatoki kamwe. Yaliyotiwa nyekundu yafute kwenye faili za uhariri kabisa, yasije yakateleza ndani kwa bahati mbaya. Halafu kata toleo la sauti tupu. Mzee anayesimulia kwa utulivu husema maneno kama 110 kwa dakika, kwa hiyo filamu ya dakika 12 isibebe zaidi ya maneno 650, yaani kama nusu ya muda. Nusu nyingine ni ya hatua, pumzi, milango na ukimya. Ukijaza maneno dakika zote 12, picha zako zitageuka mapambo ya redio.

Toleo hilo likishakubaliwa, tafuta mtindo ndani yake. Sikiliza ukiwa na daftari: anakumbuka kwa njia gani? Tuseme anataja mikono, viatu, mikanda na funguo, na hataji hata uso mmoja wa mtu mzima. Basi umepata sheria: watu wazima hawana nyuso, fremu inawakata kifuani. Tuseme kila mara anasema meza zilikuwa kubwa, milango mirefu. Umepata sheria ya pili. Andika sheria tatu kwenye ukurasa mmoja, umsomee, na ukatae wazo lolote zuri lisilotoka humo. Mtindo ni ngao ya mzee. Unamruhusu kusema mambo yake bila kuyarudia kwa mwili, na ukianza kuufanya maonyesho ya kipaji chako, ngao hiyo haimkingi tena.

Njia hii imeshapitiwa na Waaborijini wenyewe. Tracey Moffatt, mwaka 1990, alipiga "Night Cries" ndani ya studio, upeo wa macho ukiwa umechorwa kwa rangi, karibu bila maneno ya kuzungumzwa. Itazame uone jinsi seti isiyoficha kwamba ni seti inavyoweza kubeba uchungu wa kweli. Usiige anga lake.

Kwa hali yako ningependekeza kitu kimoja mahususi: vyombo vilivyokuzwa. Badala ya mtoto kuigiza, mzee mwenyewe, au mwigizaji wa Kiaborijini wa umri na kimo chake kama hataki kuonekana, aingie kwenye chumba ambacho kila kitu ni kikubwa. Hesabu ni hii. Mtoto wa miaka 7 ana kimo cha sentimita 122 hivi. Kama mzee ana 170, gawanya, unapata takriban 1.4. Zidisha kila kitu kwa hiyo. Meza ya sentimita 75 inakuwa 105. Kiti cha kukalia cha 45 kinakuwa 63, na miguu yake itaning'inia kama ya mtoto. Kitanda cha 50 kinakuwa 70. Kitasa cha mlango kilichokuwa sentimita 100 kutoka sakafuni kinapanda hadi 140, na mlango wa mita 2.04 unafika mita 2.85. Pima dari ya studio kabla ya kununua ubao. Ikiwa ni chini ya mita 3.5 hutapata pa kuweka taa juu ya mlango huo, hivyo jenga mlango hadi mita 2.4 tu na uache fremu ikate sehemu ya juu. Mtazamaji ataumalizia mwenyewe, na utaonekana mrefu zaidi.

Kuta mbili zinatosha, zikikutana pembeni. Plaiwudi ya mita 2.4 kwa 1.2, unene wa milimita 9, mbao sita, zikifungwa fremu ya mbao nyuma, vinginevyo zitatikisika mlango ukifungwa kwa nguvu. Nyuma na pembeni ning'iniza kitambaa cheusi kizito kisichong'aa. Sahani ya sentimita 25 iwe sinia la 35, kikombe kiwe jagi la bati la lita 1 lenye mkono mnene.

Kinachoharibu udanganyifu huu huwa ni vitu vidogo. Vichwa vya misumari, nyuzi za blanketi, na mistari ya mbao hubaki vya ukubwa wa kawaida, na jicho huvitumia kupima. Paka ubao rangi bapa ifiche mistari, ficha misumari kwa gundi ya mbao, tafuta blanketi la nyuzi nene. Jambo la pili ni lenzi. Ukiweka milimita 18 ukidhani utaongeza ukubwa, chumba kitapinda na filamu itafanana na ya kutisha. Kwenye kamera ya Super 35 kaa kati ya 32 na 40, kamera ikiwa usawa wa macho ya mzee. Yeye akiwa mkubwa ndani ya vitu vikubwa, usawa wa macho yake ndio usawa wa mtoto, bila hila nyingine.

Rangi: usikimbilie nyeusi na nyeupe kwa sababu ni zamani. Zamani yake ilikuwa na rangi, na umeshamuuliza blanketi lilikuwa rangi gani. Chagua tatu alizozitaja, kuta zipate moja, nguo moja, ya tatu itokee mara moja tu.

Mwanga uwe mmoja, mkali, kutoka juu pembeni kupitia "dirisha". Kata dirisha kwenye kadibodi nyeusi ngumu, ulisimamishe kati ya taa na ukuta. Kadiri kadibodi inavyosogea karibu na ukuta na taa inavyorudi nyuma, ndivyo kingo za kivuli zinavyokuwa kali. Taa ya LED ya wati 300 yenye lenzi ya fresnel, mita 4 au 5 nyuma, inatosha chumba hiki. Ngozi nyeusi usiimulike kwa kuiongezea nguvu ya taa ya mbele. Utapata uso bapa na ukuta ulioungua. Weka kitambaa cheupe kikubwa pembeni, mita 1.2 kwa 1.2 au zaidi, kilichomulikwa kwa nyuma, ili ngozi ikirudishe kama mng'ao kwenye shavu na paji. Ukuta wa nyuma uwe mweusi kuliko ngozi yake, usimweke mbele ya ukuta mweupe. Kwenye kipimo cha kamera, upande wenye mwanga ukae kati ya asilimia 35 na 45. Usiruhusu mrekebisha rangi aupandishe hadi 60 kwa mazoea ya ngozi nyeupe. Umeme wa Australia ni wa hezi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, taa za studio hazitapepesa.

Sasa kipigo. Walionusurika wa Kinchela wameeleza hadharani adhabu moja: mvulana alilazimishwa kupita katikati ya mstari wa wenzake, na wao wakalazimishwa kumpiga ngumi akipita. Kama mzee wako ametaja kitu cha namna hiyo, na ametia kijani, tatizo lako si damu peke yake. Waliopiga walikuwa watoto wenye namba kama yeye, na baadhi yao wako hai. Ukiwapa nyuso na ngumi, umewafanya wao kuwa wabaya wa filamu, na watu wazima walioamuru wameponyoka.

Ondoa miili. Panga mablanketi yaliyokunjwa vizuri kwenye safu mbili sakafuni, 10 kila upande, umbali wa sentimita 80 kutoka moja hadi jingine, njia ya katikati ikiwa na upana wa mita 1. Tandika reli ya mita 8, kamera kwenye kitoroli, usawa wa sentimita 113, ambao ni takriban usawa wa macho ya mtoto wa kimo hicho. Hapa mzee hayumo ndani ya fremu, ndiyo maana usawa unashuka. Sukuma kwa mwendo wa sentimita 40 kwa sekunde, unapita blanketi moja kila sekunde 2, shoti nzima sekunde 20. Bandika utepe sakafuni kwa kila blanketi ili msukumaji ahesabu, maana akianza kuharakisha katikati shoti inakuwa ya kufukuzana. Kwenye sauti, kila jozi ya mablanketi iwe na pumzi moja ya mvulana inayovutwa ndani, kama mtu anayejiandaa. Pumzi tu, hakuna pigo. Rekodi pumzi za watu wazima tofauti, wanaume na wanawake, zikipandishwa toni kidogo, usimwombe mtoto afanye hivyo. Mwisho wa mstari visimame viatu vya mtu mzima, vimeng'arishwa, haviondoki. Neno la mzee liingie hapo, sentensi moja aliyoichagua yeye.

Kwa nini pumzi? Mlio wa mkanda ukirekodiwa studioni kwa kupiga mto wa ngozi unafanana sana na wa kweli, na mzee, pamoja na wazee wengine ukumbini, atausikia kwa mwili kabla hajausikia kwa akili. Pumzi inamweka mtazamaji kwenye sekunde ya kabla ya pigo, na pigo analijaza mwenyewe. Kama bado unataka pigo moja mahali pengine, liwe moja, nje ya fremu, na mzee awe amelisikia mezani kwake kabla halijaingia.

Uhuishaji wa makaa unaweza kusaidia pale ambapo hata chumba ni kizito mno. Chora, piga picha, futa, chora tena kwenye karatasi ile ile, na mabaki ya kilichofutwa yaonekane. Lakini hesabu kwanza: kila mchoro ukikaa fremu 2, sekunde 40 zinataka michoro 500. Kwa mtu mmoja ni wiki kadhaa, kwa hiyo tumia kwa tukio moja.

Kuna vitu vya kutokuweka kabisa. Didgeridoo ni chombo cha watu wa kaskazini, huko Arnhem Land na kwingineko. Mzee wa New South Wales hahitaji muziki huo nyuma yake eti mtazamaji ajue ni Mwaborijini. Kipande cha ubao kinachozungushwa kwa kamba kikavuma ni kitu kitakatifu cha wanaume katika jamii nyingi, usikitumie hata kama umekipata kwenye maktaba ya sauti. Michoro ya nukta uionayo madukani ilikua kutokana na Papunya, jangwa la kati, miaka ya 1970, si alama ya kila mtu. Moshi wa mashine kwa ajili ya kuonyesha miale ya taa ni sawa, lakini usiuweke ukafanana na tambiko la moshi. Bendera ya Waaborijini, iliyobuniwa na Harold Thomas mwaka 1971, ilikuwa na masharti ya hakimiliki hadi Januari 2022 na sasa ni huru kutumika. Iweke ikiwa mzee anaitaka. Kwa muziki, muulize wakiwa wadogo walisikia nini kwenye redio. Jibu linaweza kuwa muziki wa kantri, na hapo tafuta mwanamuziki wa Kiaborijini akutungie.

Siku 3 na shoti 45 zinawezekana, 15 kwa siku, kwa sababu chumba ni kimoja. Siku ya kwanza piga vitu bila mtu: mlango, meza, funguo, mablanketi. Kikosi chako kitajifunza seti na taa wakati mzee yuko nyumbani. Siku ya pili ni yake, kwa muda wa saa 4 tu, kuanzia asubuhi, na mtu mmoja wa kikosi asiwe na kazi nyingine ila kuwa naye. Awe na chumba chake chenye mlango wa kutokea nje, asifungiwe. Mwambie kila sauti kabla haijalia, hata kengele. Funguo, mikanda na mashati yenye namba vikae ndani ya sanduku mpaka vihitajike. Skrini ya kutazamia ielekee ukuta, watu wasisongamane kuangalia. Siku ya tatu ni ya kuziba mapengo na ya shoti ya mstari, ambayo asihudhurie isipokuwa ametaka. Chuo chako kiko kwenye ardhi ya watu wa Kulin. Uliza chuoni kama ni ya Wawurundjeri Woi-wurrung au ya Wabunurong, uitaje kwa usahihi mwishoni, pamoja na ya kwao mzee.

Mkato wa kwanza asiuone ukumbini na darasa zima. Mpelekee nyumbani, mchana, na mtu wake akiwepo. Mara ya kwanza bila sauti za athari, picha na maneno yake tu. Mara ya pili, siku nyingine, kwa sauti zote. Usidai jibu siku hiyo hiyo, mpe siku kadhaa, maana watu hukubali mbele ya mgeni na kujuta usiku. Mwanzoni weka maandishi ya onyo kwamba filamu ina simulizi la watoto kudhulumiwa, na kama kuna picha au sauti za waliofariki, yaseme hivyo pia. Katika jamii nyingi jina na sura ya marehemu huachwa kutajwa kwa muda. Kwa televisheni za Australia sauti ilingane na LKFS 24 chini ya sifuri (LKFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika). Dakika 12 zijumuishe majina ya mwisho. Mashindano ya filamu fupi ya Cannes, kwa mfano, hayapokei zaidi ya 15, na majina yanahesabiwa humo.

Rekodi zote ghafi mkabidhi yeye kwenye diski mbili, chuo kibaki na filamu iliyokamilika tu. Akitaka zihifadhiwe kwa vizazi vyake, AIATSIS, taasisi ya taifa ya utafiti na kumbukumbu za Waaborijini na watu wa Torres Strait iliyoko Canberra, hupokea kumbukumbu za namna hiyo, naye anaweza kuweka masharti ya nani asikilize. Kwenye mkataba aandike watu wawili wa familia watakaoamua mambo ya filamu siku akifariki, wenye namba zako za simu. Wakikupigia, unaiondoa kwenye intaneti siku hiyo hiyo na kuziandikia tamasha zote zisitishe maonyesho, mpaka wao waseme irudi. Ili uweze kufanya hivyo, kila mkataba unaosaini na tamasha au msambazaji uwe na kifungu hicho. Wasiokikubali, usiwape filamu.